Mjane Aliyevaa Nyeusi

Garissa,
Jumanne, 6 Mei 2025

Kwako Wendy,

Yule mwanamke aliyelia kwenye runinga Jumapili jioni, yule mjane wa nguo nyeusi, ni mimi. Macho si yangu, wala ile mikono yenye hina iliyochorwa ovyo. Sauti ndiyo yangu. Sijamwambia mtu mwingine yeyote: si mama yangu Hooyo, si kaka yangu Liban, wala mjomba wangu Abti Siyad ambaye ni nyumbani kwake nilikorekodiwa. Nakwambia wewe kwa sababu uko mbali huko Nyeri, na kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka.

Naandika kwa kalamu maana simu yangu si yangu peke yangu. Liban huichukua kuangalia mpira, na Hooyo humtaka amsomee kila ujumbe unaoingia. Barua hii nampa karani wa basi, naye atamkabidhi shangazi yako wa Nairobi akuletee.

Unaikumbuka Mgeni wa Alasiri, riwaya ya upelelezi ambayo baba yako, Mwalimu Lazarus, alitusomea kidato cha tatu mpaka wale wa nyuma wakaacha kusinzia? Bulle, mwenye duka la vitambaa, anakutwa amekufa dukani, kikombe cha kahawa kando yake. Watu wote wanamshuku mkewe, Bi Hodan. Inspekta Mrisho peke yake ndiye anayegundua kwamba muuaji ni Salah, mshirika wa biashara wa Bulle, aliyekuja alasiri kama mgeni. Sasa kampuni moja ya Nairobi imeifanya tamthilia ya Jumapili sita. Mji wa pwani wa kitabuni wameugeuza kuwa Garissa, na Desemba, sisi tukiwa ndiyo kwanza tumetoka shule, walikodi nyumba ya Abti.

Abti aliniita nipeleke chai na kuwatafsiria akina mama wa jirani. Mwigizaji wa Bi Hodan alitoka Nairobi, na maneno yake hayakukaa kama maneno ya mtu wa huku. Silas, fundi wa sauti, akaniomba nimsomee yule mwigizaji ili asikilize. Kusoma mbele ya watu siwezi, unanijua, nikasimama nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Nilipomaliza nilidhani nimeharibu. Kisha nikamsikia mwongozaji, Madam Wanjugu: "Nani huyo? Msimtoe. Mpelekeeni maikrofoni hapo hapo alipo." Bi Hodan amevaa nikabu tamthilia nzima, midomo haionekani. Sauti yoyote inaweza kuwa yake. Niliinamisha kichwa tu, wakachukua kama nimekubali, na kweli nilikuwa nimekubali. Niliwaomba jina langu lisiandikwe. Madam akacheka: "Wenzako hulia yaandikwe, wewe unalia lisiandikwe!" Abti mpaka leo anadhani nilikuwa namfundisha yule dada kutamka.

Sasa sikia kinachoniuma. Siku ya kwanza nilimwona mwigizaji ametoka kuvalishwa, mweusi kuanzia kichwani hadi miguuni. Umeishi kwetu, ulimwona jirani yetu Fartun alipofiwa. Mjane wetu huvaa nyeupe mpaka eda iishe. Nilimnong'oneza Silas, Silas akamwambia Madam, naye hakugeuza hata shingo: "Mjane ni nyeusi. Mtazamaji aelewe mara moja." Nilikuwa na sentensi nyingine mdomoni. Nikaimeza.

Jumapili tulikaa wote sebuleni. Bi Hodan alipotokea tu, kabla chai haijamiminwa, baba yangu, Aabo, akanyoosha kidole.

"Ni huyu."

"Huyu nini, Aabo?" Liban akauliza.

"Ndiye muuaji. Mume hajapoa kaburini, yeye amejivika nyeusi kama anakwenda sokoni."

"Wallahi, hata kilio chake ni cha mdomo," bibi yangu Ayeeyo akasema. "Sikieni. Hakuna chozi hapo."

Wendy, nililia kweli siku ile. Pua ilinibana mpaka kesho yake. Na Aabo ni dalali wa ngamia, akishamtazama mnyama mara moja hakuna mtu sokoni wa kumbishia. Ningeweza kusema nimekisoma kitabu. Lakini nikianza kumtetea Bi Hodan kwa sauti hii, chumba kile kile, naye anaongea pale kwenye runinga, wangezisikia zote mbili pamoja. Nilikaa nikitafuna kucha.

Aabo si mkali, unamjua. Lakini ni mtu wa kamati ya msikiti, na binti yake analilia mume wa uongo mbele ya nchi nzima. Sijui angefanya nini. Labda asingefanya lolote, angeniangalia tu. Hilo ndilo ninaloliogopa.

Rafiki yako,
Sahara Noordin


Nyeri,
13 Mei 2025

Mama Kimya wangu,

Haki ya Mungu nilipiga kelele mpaka kuku wakatoka jikoni. Wewe! Wewe ambaye ulikuwa ukiulizwa jina la kaunti yako unamwangalia jirani akujibie! Nimeisoma barua yako chooni, mara mbili, maana huku pia hakuna faragha.

Sasa nikuchekeshe. Sisi tunaangalia kwa jirani, watu kumi na kitu chumba kimoja. Bi Hodan alipotokea na zile nguo nyeusi, cucu, bibi yangu, alishika kifua. "Maskini ya Mungu, tazama alivyomlilia bwanake. Huyo ni mke." Hakuna hata mmoja huku anayemshuku. Wote wamemkamata Salah kwa sababu alikula mahamri matatu kwenye matanga. "Mtu mwenye uchungu hali hivyo," mama akasema, na kesi ikaishia hapo. Yaani nguo ile ile, huko kwenu imemfunga, huku kwetu imemwachilia.

Na Baba! Baba aliinamia runinga akasema, "Huyo mama hawakumtoa Nairobi. Hicho ni Kiswahili cha Garissa hasa, nimekisahihisha miaka tisa." Nilijaza ugali mdomoni nisije nikacheka. Sikumwambia. Naapa.

Lakini abaayo, dada yangu, kwa nini usimwambie baba yako? Mimi namkumbuka Mzee Noordin aliponipa maziwa ya ngamia nikayatema kwenye mkeka wenu mpya. Alicheka mpaka akakohoa. Mtu kama huyo hawezi kukula.

Inaniudhi kwamba unakaa hapo unatukanwa na ndugu zako mwenyewe kwa kosa la mtu mwingine. Kuna jambo dogo nimefanya kuhusu hilo. Nitakwambia likizaa matunda.

Wako,
Wendy


Garissa,
Jumanne, 20 Mei 2025

Kwako Wendy,

Jambo dogo gani? Niandikie haraka. Na kama bado hujalimaliza, tafadhali liache.

Huku mambo yamekuwa mabaya zaidi. Jumapili ya tatu imepita na mji umeshahukumu. Jana nilikwenda Soko Mugdi kuchukua maziwa. Yule mama anayeuza pale mlangoni akanishika mkono.

"Naa, umemwona yule mwanamke wa nyeusi?"

"Nimemwona."

"Mimi nikisikia ile sauti yake nataka kutupa kiatu kwa TV. Sauti kama mbuzi imenyimwa chumvi!"

Wenzake wakacheka. Mmoja akamwiga, akavuta shela usoni akalia, "Mume wangu, mume wangu," na Wendy, aliniiga vizuri kabisa. Nilicheka nao. Nilifika nyumbani ndipo nikagundua nimeliacha kopo la maziwa sokoni, na sikurudi kulichukua.

Nyumbani sasa nanong'ona. Naogopa mtu asije akasema, "Mbona unaongea kama yule?" Hooyo anadhani koo limeniuma. Kila asubuhi ananinywesha habasoda na asali, na jana amenifunga kitambaa shingoni kwenye joto hili. Liban ananiita Bubu. Kila Jumapili nasema leo wataona. Leo Inspekta Mrisho atauliza kuhusu Salah. Na Inspekta anauliza vizuri sana, kama kitabuni, lakini hakuna anayemsikiliza. Juzi alipokuwa anachunguza doa la kahawa kwenye mkono wa kanzu ya Salah, Aabo alimwonea huruma. "Bolisi wa watu anahangaika na kanzu," akasema, "na muuaji amekaa mkekani mbele yake, amevaa nyeusi."

Ayeeyo akaongeza, "Wanaume hawaoni nguo."

Kinachonikasirisha ni kwamba wana haki. Kwa macho ya watu wa huku, wanasoma kilichoko. Mwanamke wa hapa akikataa nyeupe ya eda, ametoa tangazo. Mwandishi wa kitabu aliificha siri mpaka sura ya mwisho, kisha mtu mmoja akachagua nguo dukani Nairobi, na Garissa nzima ikapewa muuaji asiye muuaji. Nilijua. Nilisimama pale na birika la chai, nikajua, nikanong'ona mara moja tu.

Unasema nimwambie Aabo. Nimwambie lini? Wakati anamtukana, au baada ya kumtukana?

Sahara


Nairobi,
22 Mei 2025
Kwa mkono wa Bwana Siyad

Habari yako Sahara,

Natumaini u mzima. Nina habari nzuri sana.

Mtazamaji mmoja kutoka Nyeri ametuandikia barua ndefu. Anasema huko kwao kila mtu anaamini muuaji ni Salah, lakini Garissa nzima inaamini ni mjane, kwa ajili ya nguo zake. Alitutaka tueleze kosa hilo hadharani. Sisi tuliisoma mara mbili ofisini na tukafurahi kupita kiasi. Nchi imegawanyika! Hakuna tamthilia yetu iliyowahi kufanya hivyo.

Tumeamua basi kuubadilisha mwisho. Waliosoma kitabu wanamngojea Salah, na wasiosoma wengi wao wanamngojea Salah pia. Tutawashtua wote: Bi Hodan ataungama kwamba alimuua mumewe. Watu wa kwenu wataona walikuwa sahihi tangu mwanzo, na hilo hupendeza watu. Hatuna haja ya kupiga picha upya. Lile tukio la mwisho tunalo, amekaa mkekani, amefunika uso, Inspekta amesimama. Ni maneno tu yatakayobadilika, na maneno ni yako.

Silas atafika Jumatano tarehe 28 na vifaa vyake, pale pale kwa mjomba wako. Nimekuwekea maneno mapya ndani ya bahasha. Jifunze kuyasema polepole, bila majuto. Pazia tutakuwekea!

Wako,
Wanjugu
Mwongozaji


Garissa,
Ijumaa, 23 Mei 2025

Wendy,

Kwa hiyo hilo ndilo jambo dogo.

Nakutumia barua ya Madam uisome mwenyewe. Wameleta na maneno ya kuungama. "Ndiyo, nilimuua. Na sikumvalia nyeupe kwa sababu sikumlilia." Wanataka niseme hivyo. Kosa walilolifanya wao sasa wanalifanya ushahidi, na mimi ndiye wa kulitia muhuri.

Ulitaka kunisaidia, najua. Lakini hukuniuliza. Watu wote wanaongea kwa niaba yangu kwa sababu mimi ni mkimya. Sikutegemea na wewe.

Abti alinikabidhi bahasha mbele ya Aabo. "Hawa watu wa TV wanamtaka tena binti yako awafundishe kutamka," akasema. Aabo akajibu, "Sawa, lakini awaambie wamvalishe yule mwanamke nyeupe." Wakacheka wote wawili. Nilikuwa nimeishika bahasha hivi, kifuani.

Sitaandika tena mpaka nitulie.

Sahara


Garissa,
Jumapili, 25 Mei 2025

Kwako Madam Wanjugu,

Assalamu aleikum.

Nimeyasoma maneno uliyoniletea. Nimejaribu kuyasema peke yangu, yamekataa. Naomba usome barua hii yote kabla hujakasirika.

Sitasema kwamba Bi Hodan alimuua mumewe. Hakumuua. Aliyeandika kitabu alitaka tumshuku mwanamke asiye na hatia ili mwishoni tujionee aibu. Ukisema walikuwa sahihi, hakuna atakayejionea aibu, na kitabu kimekufa.

Najua unaweza kumtafuta mtu mwingine aseme. Lakini watu wa huku wameichukia sauti hii kwa Jumapili nne na wanaijua vizuri. Ikibadilika siku ya mwisho watacheka. Sisemi hivyo kukutisha. Sijawahi kumtisha mtu.

Nguo nyeusi haziwezi kufutwa tena, nimeelewa. Basi tuulize kama Inspekta Mrisho angeuliza: kwa nini mwanamke wa Garissa aliyempenda mumewe amevaa nyeusi kwenye eda? Mimi nimeona jibu moja. Mumewe alikuwa na duka la vitambaa. Nyeupe ya eda ilikuwa humo dukani. Na duka lilifungwa.

Katika kipindi cha pili Salah alimwambia Inspekta kwamba alimrudishia Bulle ufunguo wake asubuhi ya siku aliyokufa, na kwamba hakulikanyaga duka tena. Nimemsikia mwenyewe. Sasa Bi Hodan aseme hivi, pale pale mkekani, kwa picha hiyo hiyo:

"Siku ya mazishi nilimtuma mtu kwa Salah, nikaomba kitambaa cheupe. Akajibu, 'Duka nimelifunga mimi, ufunguo ninao, asubiri.' Nikavaa nyeusi niliyokuwa nayo. Inspekta, mtu aliyerudisha ufunguo asubuhi, kabla mume wangu hajafa, alilifunga duka na nini?"

Halafu Salah akamatwe kama mlivyopiga picha zamani.

Hayo nitayasema. Yale mengine hapana. Kama hukubali, mwambie Silas asisumbuke kusafiri, barabara ni mbaya na joto ni kali.

Samahani kwa maneno mengi.

Sahara Noordin


Nyeri,
29 Mei 2025

Sahara,

Sijui nianze wapi. Nimeisoma barua ya huyo Madam. Mimi nilidhani wataweka maelezo mafupi mwanzoni mwa kipindi: tumekosea, mjane wa huko huvaa nyeupe, samahani. Nilidhani watu wakubwa wakionyeshwa kosa wanalirekebisha. Baba husema mimi hukimbia na kisu kabla sijajua ni nini kinachochinjwa. Ni kweli.

Sikulitaja jina lako. Nilijitia mtazamaji tu. Lakini ulivyosema, kwamba watu wote wanaongea kwa niaba yako, nimeibeba hiyo sentensi wiki nzima, hadi shambani. Nilizoea. Darasani nilikuwa nakuinulia mkono. Dukani nilikuwa nakuagizia soda bila kukuuliza unataka ipi, na sasa nakumbuka hukuwa ukiimaliza.

Leo ni Alhamisi. Jana Silas alikuwa huko, au hakuwa. Sitauliza ulifanya nini. Nitangoja tarehe nane kama watazamaji wengine, nikae karibu na cucu, nisikilize. Ukiungama, nitajua ulilazimishwa. Usipoungama, nitapiga kelele na kuku watatoka tena.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza sasa, weza baada ya Idi.

Wendy


Garissa,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Kwako Wendy,

Nilikusamehe kabla ya Idi, ila nilikuwa nimechoka kuandika. Na soda nilikuwa napenda ya machungwa.

Bila shaka uliona jana. Lakini hukuona sebule yetu, kwa hiyo nianzie kwa Silas.

Alikuja. Aliweka maikrofoni, akavuta pazia, akanipa karatasi, na kwenye karatasi yalikuwa maneno ya kuungama. Yale yale. Nikamwambia hapana. Alikuwa amevaa vile visikio vyake vikubwa, ikabidi aviondoe niseme tena. Akampigia Madam Wanjugu akaniwekea simu sikioni.

"Sahara, barua yako nimeisoma. Ni nzuri. Lakini ina tundu. Si angenunua kitambaa duka la jirani?"

Wendy, nilikuwa nimelifikiria hilo usiku na mchana. "Mwanamke wa eda hatoki nyumbani," nikasema. "Na mke wa mwenye duka la vitambaa akituma mtu kuomba kitambaa kwa jirani, mji mzima utajua mke wa Bulle amefungiwa duka la mumewe kabla maiti haijapoa. Alikuwa anamfichia mumewe aibu."

Akaniuliza:

"Mbona hukuniambia haya Desemba?"

"Nilikuambia. Ulisema mjane ni nyeusi."

Akavuta pumzi, halafu akacheka, si sana. "Mpe Silas simu," akasema. Silas akasikiliza, akaitikia ndiyo, ndiyo, akaichana ile karatasi. Nikarekodi. Niliposema "alilifunga duka na nini," Silas aliniomba nirudie kwa sababu gari la maji lilipita nje. Mara ya pili nilikuwa nimekasirika zaidi, na hiyo ndiyo waliyoitumia.

Sasa jana. Nyumba ilijaa wageni wa Idi, mpaka adeer, ndugu yake Aabo, na watoto wake kutoka Balambala. Wote wamekula, wote wamekaa kumngoja mwanamke wa nyeusi afungwe. Liban alikuwa amewaahidi watoto soda akishaungama. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia.

Bi Hodan akaanza. "Siku ya mazishi nilimtuma mtu kwa Salah."

"Anasingizia watu sasa," adeer akasema.

"Nyamaza kwanza," Aabo akasema.

Alipofika kwenye ufunguo, Aabo aliweka kikombe chini. Bi Hodan aliposema alilifunga na nini, Aabo aliruka. Baba yangu, Wendy, mtu wa kamati. Alipiga paja lake. "Warya! Ufunguo! Alisema alirudisha! Liban, si alisema alirudisha?"

"Alisema, Aabo."

"Alilifunga na nini basi? Na ulimi?"

Sebule nzima ikalipuka. Adeer anabisha, watoto wanamzomea Salah anavyotiwa pingu, na Ayeeyo amejifunika uso kwa shela analia. "Walimnyima hata nguo ya kumlilia mumewe," alisema, "na sisi tukamtukana. Mungu atusamehe." Akarudia mara nyingi, mpaka Hooyo akamshika mkono.

Nilikuwa nimengoja hayo wiki sita. Nilidhani nitafurahi.

Sikia sasa Aabo alivyosema. Alinigeukia pale mlangoni, macho yanang'aa. "Unamwona yule msichana wa Nairobi? Mkristo wa bara, hajawahi kuishi kwetu, na anasema kama amelelewa nyumba hii. Ana uchungu kama wetu. Anajua kujitetea mbele ya bolisi. Na wewe, binti yangu mwenyewe, hata simu ya shangazi yako huwezi kupokea. Si ulikuwa unamfundisha? Ungejifunza kwake pia."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Adeer akasema, "Kweli, Sahara, tusikie basi hiyo sauti," na Liban akasema, "Bubu hana sauti."

Nilifungua mdomo. Nakuapia nilifungua. Maneno yalikuwa hapa, yamepangika: Aabo, si msichana wa Nairobi. Mtoto wa adeer akamwaga chai kwenye mkeka, Hooyo akaniita nilete kitambaa, na niliporudi walikuwa wamehamia kwenye bei ya ngamia.

Usiku huo sikukasirika tena kwa ajili ya Bi Hodan. Nilikasirika kwa ajili yangu, na hilo ni jipya. Miezi sita nimeomba asijue, na sasa ananisifu kwa jina la mtu mwingine, mbele yangu, na mimi nafuta chai.

Leo alfajiri nilimfuata uani akitawadha. Nikasema, "Aabo." Akasema, "Haa?" Nikasema, "Nataka kukwambia kitu." Simu yake ikalia, lori la ngamia limeharibika njiani, akaondoka na ndevu zikidondosha maji. Mchana amerudi na watu. Sasa ni alasiri, amelala, nami nimekaa nje ya mlango wake naandika haya nikisubiri aamke.

Silas amenipigia, kupitia kwa Abti, kusema kwamba watu wanauliza ni nani aliyeigiza sauti. Mwigizaji wa Nairobi amewaambia waandishi wa habari kwamba si yeye, Mungu ambariki, lakini jina langu hakulitaja. Kwa hiyo sina muda mrefu. Na Mwalimu Lazarus ana masikio, nawe una mdomo, na cucu wako ana majirani.

Nakusihi, usimwambie mtu hata mmoja. Sifichi tena. Nataka tu Aabo aisikie kwangu kabla hajaisikia sokoni. Akikuuliza mtu, sema humjui yule mwanamke.

Namsikia anakohoa. Ameamka.

Sahara